Searching (2018): itazame kwenye laptopu, na leo DJ apumzike

Nianze na ushauri kwa anayetaka kuitazama filamu hii: usiitazamie kwenye simu. Nilianza hivyo, nikiwa nimelala chali, na baada ya robo saa nikahamia kwenye laptopu kwa sababu nusu ya hadithi imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kioo. Searching yote inaonekana kupitia kioo cha kompyuta, simu, kamera za siri na taarifa za habari za televisheni. Hutaona stelingi akikimbizana na jambazi barabarani. Utaona kishale cha kompyuta kikizunguka, meseji zikiandikwa na mafaili yakifunguliwa. Najua inasikika kama adhabu. Sikuweza kuiacha.

John Cho ni David Kim, mgane anayeishi San Jose, California, na binti yake wa sekondari, Margot. Usiku mmoja binti anampigia simu zaidi ya mara moja, baba kalala fofofo. Kesho yake Margot hapatikani, na laptopu yake imebaki nyumbani. Baba anaifungua. Nywila hana, na akitaka kuibadilisha Facebook inamrudisha kwenye barua pepe, barua pepe inamrudisha kwenye barua pepe nyingine, na kila mlango unaofunguka unamwonyesha binti asiyemfahamu. Mfano mmoja tu, maana sitaki kumwaga mtama: kila wiki baba alikuwa anatoa dola 100 za masomo ya piano. Anampigia mwalimu, anaambiwa Margot aliacha miezi sita iliyopita. Hapo ndipo nilipokaa sawasawa kitini.

Wengi huisifia filamu hii kwa mafumbo yake, na kweli yamesukwa vizuri. Ukirudia kuitazama utakuta dalili nyingi zilikuwa mbele ya macho yako tangu mapema, kwenye picha na vichwa vya habari ambavyo hukuvijali. (Kuna hata hadithi ndogo ya viumbe wa sayari nyingine imefichwa kwenye habari za pembeni. Mara ya kwanza sikuiona kabisa.) Lakini kilichonishika mimi ni meseji ambazo hazikutumwa. Mapema kabisa David anamwandikia binti yake maneno machache kuhusu marehemu mama yake. Kishale kinasimama. Kinasubiri. Kisha maneno yanafutwa herufi moja moja, na unajua nyumba hii ina ugonjwa gani kabla hata binti hajapotea.

Upande wa pili wapo wasiofuta kitu. Wakati David anawatafuta marafiki wa Margot, kila mwanafunzi anamwambia wazi kwamba hawakuwa karibu, alialikwa kwa adabu tu, chakula cha mchana alikuwa anakula peke yake. Habari zikisambaa nchi nzima, mmoja wa wanafunzi haohao anajirekodi video analia, eti amempoteza rafiki wa moyoni. Watazamaji wanaongezeka. Wengine wanageuka wapelelezi wa mtandaoni na kumshuku baba mwenyewe. Aliyeumia kweli anafuta meseji yake, asiyeumia anatafuta mwanga mzuri wa kujirekodia. Kila mwenye simu ameyaona haya kwenye misiba ya watu maarufu, ndiyo maana sehemu hii ilinichoma ingawa filamu haitoi mahubiri yoyote.

Sasa DJ. Mimi ni mtoto wa kibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video mtaani, na kuna filamu ambazo bila sauti ya DJ anayezitafsiri kwa Kiswahili sizitaki. Kwenye hii apumzike. Hakuna atakachotafsiri wakati kishale kimesimama, na akianza kujaza kimya kile kwa utani, filamu imekufa. Asiyesoma Kiingereza vizuri atapata taabu kidogo, ila maandishi mengi ni mafupi, na unaruhusiwa kusimamisha na kurudisha nyuma. Nilifanya hivyo mara nyingi bila aibu.

Kasoro zipo. Kuelekea mwisho filamu inaongea kupita kiasi. Mtu anakaa na kueleza kila kitu kwa mdomo, wakati kwa zaidi ya saa moja tumefundishwa kugundua kwa macho. Tena baadhi ya picha za televisheni zinaingia mahali ambapo zinamrahisishia mwongozaji kazi, unaona kabisa sheria yake mwenyewe ya kuonyesha kila kitu kupitia kioo imembana akatafuta upenyo. Uigizaji, hata hivyo, umebebwa vizuri. John Cho muda mwingi anaigiza akiwa anatazama kamera ya kompyuta, na uso wake pekee unatosha kukueleza kuwa amesoma jambo baya.

Kwa wapenda habari za nyuma ya pazia: mwongozaji Aneesh Chaganty alikuwa akitengeneza matangazo ya Google kabla ya hii, filamu yake ndefu ya kwanza. Upigaji picha ulichukua siku 13 tu, kazi kubwa ikawa uhariri. Bajeti haikufika dola milioni moja, mapato yakazidi milioni 75.

Nyota nne kati ya tano.

Ukiipenda, kuna Missing ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Will Merrick na Nick Johnson, wale wale waliohariri ya kwanza. Humo binti ndiye anayemtafuta mama. Ina kasi zaidi na hadithi inageuka ghafla mara nyingi zaidi, na nafasi ya kusikitika ni ndogo zaidi. Niliimaliza kwa kikao kimoja, sijaitamani tena. Searching bado ninayo kwenye flashi.