Gari la Kulala Lililojengwa Nairobi: Siku Tisa Pwani, na Tumbili Mmoja Mwizi

Haya, karibuni tena. Leo mnaniona nimekaa kwenye mlango wa gari, nje ya ploti yetu hapa South B, na hiyo nyekundu mnayoiona pale chini ya mlango si rangi. Ni vumbi la Tsavo. Nimeliosha gari mara mbili tangu juzi na bado linatoka.

Gari lenyewe mnalijua, ni umbo lile lile la matatu ya abiria 14. Viti vyote vya abiria vimeng'olewa, ndani kukawekwa kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji la lita 40, betri, na paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa. Fundi aliyelijenga yuko hapa hapa Nairobi. Simtaji jina, kwa sababu leo nitalisema gari lake, na pesa ya kulikodi nimetoa mfukoni mwangu. Hakuna aliyenituma. Tulikwenda wawili, mimi na dada yangu mdogo, huyu anayeshika kamera na ambaye hataki kuonekana.

Tulikwenda pwani mwezi wa pili. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililolivua gari nguo.

Nianze na kosa lake kubwa, mengine yote ni watoto wa hilo: limejengwa na mtu wa Nairobi. Sisi huku tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa huku akifikiria kulala nje anafikiria baridi. Kwa hiyo kuta zimeshindiliwa sponji na mbao, madirisha ni mawili madogo, godoro nene, na viti vimevishwa kitambaa cha manyoya kama sofa la arusi. Lipeleke Naivasha mwezi wa saba utambariki aliyelijenga. Sasa literemshe mpaka Watamu, ambako hata usiku wa manane kipimajoto changu ndani ya gari kilisoma 31. Feni ni moja, nayo imefungwa miguuni.

Lakini njia ya kwenda ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri tukapita Mlolongo kabla malori hayajajipanga. Na mji ule jina lake ndilo hilo hilo, mlolongo wa malori yanayongoja mizani. Makindu tukasimama kwenye hekalu la Masingasinga. Pale msafiri yeyote anakaribishwa chakula bila malipo, unavua viatu, unafunika kichwa, unakula. Kama hamjawahi kusimama, simameni, na mkiweza acheni sadaka. Baada ya hapo ni mibuyu mpaka Mtito Andei, halafu reli upande mmoja, Tsavo pande zote mbili.

Barabarani gari ni zito nyuma. Dereva wa matatu amezoea uzito wa watu, na watu hujishikilia, kabati halijishikilii. Kila tuta, droo ya vijiko inafunguka na kujifunga kwa kishindo. Kufika Voi tulikuwa tumeifunga kwa kamba ya kiatu.

Usiku wa kwanza tulilala ndani ya Tsavo Mashariki, kambi ya Ndololo, si mbali na lango la Voi. Kabla hamjafika langoni, lipeni kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, mkiwa bado mna mtandao, pesa taslimu hawapokei. Kambi haina ua. Wanyama wanapita wanavyotaka, wewe ndiye mgeni. Matunda tuliyamaliza Voi mjini makusudi, maana tembo akinusa chungwa ndani ya gari, mlango si kitu kwake.

Tukasahau maji.

Chini ya sinki kuna bomba linalotoa maji machafu nje, na kiungo chake kinavuja. Tone, tone, tone. Nairobi sikuliona, sakafu ya ploti ni simiti na hakuna anayejali tone. Tsavo wakati wa kiangazi tone ni habari. Kama saa saba usiku nikasikia pumzi. Sikusikia mguu wala tawi kuvunjika, nilisikia pumzi tu, ndefu, kama mtu anapuliza mfuko wa karatasi karibu na sikio lako. Kitanda kiko usawa wa dirisha. Nikasogeza pazia kidole kimoja na nje hapakuwa na nyota, palikuwa na ngozi. Tembo, amesimama ubavuni mwa gari, mkonga umeshuka chini unatafuta lile tone kwenye vumbi. Tumbo lake lilikuwa linanguruma na nilikuwa nalisikia kwenye godoro. Dada yangu akanishika mkono akaanza kunong'ona aya zote anazozijua na nyingine za kutunga. Dakika kumi hivi. Kisha tembo akaondoka bila sauti, na asubuhi tukakuta ubavu wa gari una mchirizi mwekundu usawa wa dirisha. Tembo wa Tsavo hujipaka udongo ule wenye chuma mpaka wote wanakuwa rangi ya tofali, na sasa na sisi tumepakwa.

Kwa hilo nalipa gari alama zote. Hema lisingenipa usiku ule, au lingenipa nikiwa nalia. Lakini fundi, kaka yangu, kaza kile kiungo.

Kesho yake hatukurudi barabara kuu, tulikata ndani ya mbuga kufuata mto Galana mpaka lango la Sala, ukitoka hapo unaelekea Malindi. Kiangazi gari linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma linapita, polepole, meno yakigongana. Mvua ikinyesha msijaribu. Vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu mpira wake ni wa kale, na usiku tulikula wali wenye Tsavo ndani.

Malindi tulinunua samaki tukaendelea. Watamu ndipo tulipokaa, siku tatu, kwenye uwanja wa familia moja waliotukubalia kwa bei ya maelewano. Viwanja rasmi vya magari ya kulala, venye umeme na maji ya kuunganisha, msiende mkitarajia. Unauliza, unasalimia, unaonyeshwa mti.

Na mti ndio unaoleta hesabu ya friji, na hapa nikae kidogo kwa sababu maswali mengi mliyonitumia yanahusu sola. Betri ni ya amp-saa 100 ya volti 12, yaani ukiijaza una kama wati-saa 1,200. Friji inapowaka inakula wati 45. Nairobi niliijaribu siku nzima, ikawa inawaka theluthi moja ya muda, kama saa nane, yaani wati-saa 360. Hiyo paneli inarudisha ikicheka. Watamu friji iliwaka theluthi mbili. Ni 720. Ongeza feni usiku kucha, ongeza simu, ongeza betri za kamera. Sasa kaa juani paneli ipate jua lake lote: ndani ya gari unaiva, na friji nayo inafanya kazi zaidi kwa sababu imezungukwa na joto. Ingia kivulini: wewe unapona, paneli inakufa. Siku ya pili jioni betri ilizima na pweza akaanza kunuka. Paneli hii ingekuwa ya kukunjua, yenye waya mrefu, unaiacha juani wewe unakaa chini ya mwembe. Ni jambo dogo, na bei yake ni ndogo, lakini halimjii mtu ambaye hajawahi kutafuta kivuli.

Taa ya nje nayo. Ni mstari mzima wa taa nyeupe chini ya turubai, kali kama ya kituo cha mafuta. Fukwe za Watamu kasa hupanda usiku kutaga, na vifaranga vikitoka mchangani huenda vinakoona mwanga. Asili imevifundisha kwamba mwanga ni bahari. Taa kama hii ikiwashwa karibu na ufuo inavipeleka barabarani. Hatukuiwasha hata mara moja; tulifunga karatasi nyekundu kwenye tochi tukapika na hiyo. Mkifika Watamu pitieni Local Ocean Conservation muone kasa wanaotibiwa. Wavuvi wakimnasa kasa kwenye nyavu huwapigia simu, anapimwa, anawekwa alama, anarudishwa baharini.

Mida, ile hori ya mikoko, ni mwendo mfupi kutoka hapo. Nendeni maji yakiwa yanajaa, si yakiwa yamekupwa, mtembee kwenye daraja la mbao lililoning'inia katikati ya mikoko mpaka mwisho. Maji yakipanda yanawasogeza ndege karibu na karibu, na mwezi wa pili bado wapo wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa. Sikuhitaji gari kwa hilo, nalitaja kwa sababu ndiyo asubuhi niliyoipenda kuliko zote. Gede pia, yale magofu yaliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024: ukitulia kimya pale utasikia majani makavu yakipigwa pata-pata-pata. Huyo ni sange, mnyama mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu, anamwambia adui kwamba ameshamwona. Nilipata sekunde mbili za video. Matako tu.

Kilifi tulipita, mahamri na mbaazi ya nazi kando ya barabara, tukajaza tangi. Kosa. Maji yalikuwa ya kisima, yana chumvi, na chai ikawa kama supu. Ulizeni kabla ya kujaza. Kisha tukazungukia Mombasa kwa barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri, tukafika Diani jioni.

Diani nilijipata nimeegesha vizuri, kivuli safi, upepo wa bahari. Mzee mlinzi akaja taratibu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Akatazama juu. "Hapo ulipo, jana zimedondoka tatu." Nikatazama juu mimi pia. Mnazi. Tukahama usiku huo huo kwenda chini ya mwembe.

Na mwembe una wenyewe.

Neti ya mbu ya dirisha imeshikwa na ule mkanda wa kunata wa viatu vya watoto, ule unaolia krrr. Asubuhi niko nje nachemsha chai, nasikia krrr. Kimya. Krrr tena. Tumbili amekaa juu ya kioo cha pembeni, mkono mmoja ameegemea paa kama kondakta, mwingine ameingiza kidole chini ya neti. Anavuta kidogo, ananitazama. Anavuta kidogo, ananitazama. Niliposimama alikuwa ameshaingia na kutoka na mfuko wa mahamri ya Kilifi, na makombo yakashukiwa na kima wawili ambao sikujua hata walikuwapo. Mtu aliyechagua mkanda ule anaishi mahali ambapo adui ni mbu peke yake. Waya mgumu na vibano, basi.

Juu yao wote, kwenye matawi, mbega walikuwa wanakula majani na hawana habari na sisi. Weusi, nywele nyeupe zimening'inia mabegani kama kanzu iliyovaliwa vibaya, na mmoja na mtoto mweupe pepe kifuani, ndivyo wanavyozaliwa. Mbega hana kidole gumba, angalieni picha, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, la kusagia majani. Mkate unamdhuru. Zile ngazi za kamba mnazoziona zimetundikwa juu ya barabara ya Diani ni zao, shirika la Colobus Conservation liliziweka ili wavuke bila kugongwa. Mkiendesha pale punguzeni mwendo hata kama mmeona ngazi, tumbili wengine bado hupita chini.

Baada ya siku tisa bawaba za mlango wa nyuma zilikuwa zimeanza kutoa kutu, na soketi moja ya kuchajia imekufa, nikiifungua naona unga wa kijani. Chumvi. Oshesheni gari chini, si juu tu, kwa maji yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo mnayorudi.

Mnaniuliza kama nitalikodi tena. Kwenda Tsavo, kesho asubuhi. Pwani mwezi wa nane, upepo wa kusi ukivuma na nyangumi wakipita nje kule, ndiyo, nikibeba paneli yangu na feni yangu ya pili. Pwani mwezi wa pili, ng'o. Nimemrudishia fundi ufunguo na karatasi yenye haya yote, akasoma akafika kwenye neti, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hajawahi kufika Diani.

Dada, zima kamera, tumemzibia soja lango.