Mshipa ulikuwepo, asiyeutafuta ni yeye

Mimi ni mnene, najijua, sihitaji kukumbushwa nikiwa nimechomwa sindano. Fistula yangu (mshipa uliounganishwa na ateri kwa upasuaji ili uchomwe sindano za kusafisha damu) iko juu ya kiwiko, ina miezi kadhaa sasa, na ukiigusa unaisikia ikitetema kama simu inayoita kimyakimya. Damu inapita. Lakini nikikaa kwenye kiti cha dayalisisi, pale mashine inaposafisha damu badala ya figo, sindano haioni njia.

Siku hiyo sista alichoma mara ya kwanza, hamna. Ya pili akaanza kuitembeza ndani ya nyama huku na huko, kama anayepapasa ufunguo gizani. Ya tatu damu ikavujia ndani, mkono ukavimba, ukawa mweusi. Ndipo akavua glovu na kusema, wodi nzima ikisikia: "Mama, kwa mafuta haya mshipa nitautoa wapi? Punguza mwili kwanza."

Nipunguze lini, kabla ya saa 4 za mashine? Akaniunganisha kwenye mpira wa shingoni, uliochomekwa ndani ya mshipa mkubwa, ule ule wanaotuhimiza tuachane nao kwa sababu unaingiza wadudu kwenye damu. Nikaapa sikanyagi tena pale.

Nilikanyaga, ningefanyaje. Nikamkuta kaka mmoja mpole. Akavuta mashine ya altrasaundi iliyokuwa pembeni siku zote (siku zote!), akapaka jeli, akanionyesha kwenye skrini: mshipa mpana, mzima, ila umekaa milimita 10 chini ya ngozi, na wao hupenda usizidi 6. "Haujafa mama, umezama tu."

Daktari wa upasuaji akapunguza mafuta yaliyoufunika, akauleta karibu na ngozi. Kovu ni refu na maumivu yalizidi niliyoambiwa, hilo nalo wangesema mapema. Tukasubiri wiki kadhaa kidonda kipone. Sasa nachomwa sindano mbili, zinaingia mara moja, mashine inaunguruma. Mpira wa shingoni umetolewa, naoga kama binadamu.

Kwa hiyo nilitaka kukipa kituo hiki nyota 5, kwa ajili ya yule kaka na daktari wake. Mwenye mwili kama wangu aende tu, ila adai altrasaundi kabla ya kuchomwa, asione haya.

Halafu juzi zamu ikawa ya yule sista. Akaugusa mkono, akatabasamu: "Umeona mama? Umepungua, mshipa umejitokeza."

Sijapungua hata kilo moja. Nyota 3.