Walilikata Matamvua Zulia la Mama Yangu

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na sitaificha. Zulia letu la sufu, lililofumwa kwa mkono huko Shiraz, Iran, ambalo marehemu mjomba alimzawadia mama yangu, nililipeleka likiwa zima kwa kampuni moja ya kusafisha mazulia hapa Dar es Salaam, likarudi nyumbani Upanga likiwa halina matamvua upande mmoja. Hayakuchanika kwenye mashine, wala hayakuliwa na nondo. Yalikatwa kwa mkasi, yakasawazishwa kama pindo la pazia.

Nilipopiga simu, msimamizi, kijana kwa sauti yake, hata salamu hakunipa. "Mama, zile zilikuwa nyuzi tu, tena chafu. Tumekupendezeshea." Nyuzi tu! Nilimweleza kwa upole, maana wakati huo upole nilikuwa bado ninao, kwamba matamvua ya zulia la mkono si pambo lililoshonewa baadaye kama yalivyo mara nyingi kwenye mazulia ya kiwandani. Ni ncha za mtande wenyewe, yaani zile nyuzi zinazopita urefu wote wa zulia, ambazo kila fundo la sufu limefungwa juu yake. Zikikatwa hadi ukingoni, hakuna kinachoushika mshindio wa mwisho, yaani uzi unaokatiza mtande kwa upana, na mafundo huanza kuachia mstari kwa mstari kadiri watu wanavyokanyaga. Akanijibu, "Kwani lina miaka mingapi, mama? Zulia lenyewe limeshachoka." Kisha akakata simu.

Limechoka! Mama alijifungulia wadogo zangu wawili katika nyumba yenye zulia hilo, na halikuwahi kutoka hata uzi.

Nilikusudia kuandika neno moja tu: msiende. Lakini haki ya mtu haizuiliki, hata inapouma. Siku nilipolipeleka, mwishoni mwa masika, alilipokea mzee mmoja uani ambaye kazi yake sijaiona kwingine mjini hapa. Alilifudikiza, akalipiga mgongoni mpaka vumbi likaisha kabla hajagusa maji, kwa kuwa mchanga uliozama kwenye mashina ya sufu ukilowa hugeuka tope. Akabandika kitambaa cheupe chenye maji kwenye kona nyekundu, akasubiri, akakikagua kama kimeshika rangi. Aliniambia kwamba ataliosha kwa maji baridi na sabuni laini, na kwamba jiki haisogei karibu, kwa sababu klorini huila sufu. Alilikausha likiwa limelazwa kivulini penye upepo, siku kadhaa, akiligeuza, kwani kwa unyevu wa jiji letu uso wa zulia hukauka upesi huku nyuzi za ndani zikibaki mbichi, na hapo ndipo koga huanzia. Lile jekundu na ile bluu nilivyoziona zuliani baada ya hapo, mara ya mwisho nilikuwa mtoto.

Na hilo ndilo linalozidi kunichoma. Kazi ya siku zote hizo iliharibiwa kwa dakika chache na mtu wa chumba cha kufungashia ambaye hakuona haja ya kuuliza.

Nilikodi kirikuu nikalirudisha. Msimamizi alikuwa amekaa mezani, hakuinua uso. Nikapita moja kwa moja hadi uani, nikamwamkia mzee, nikalikunjua mbele yake. Alipapasa ukingo ule kwa muda mrefu bila kusema kitu. "Pole sana, mwanangu. Hili halikupasa kutokea." Akachukua sindano na uzi mnene wa pamba, akashona ukingo wote kwa mkono, kila mshono ukishika mistari kadhaa ya mshindio ili mafundo yasiendelee kuachia. Matamvua hayatarudi, yakishonewa mengine yatakuwa pambo tu, nami nimekataa. Mzee hakunitoza hata senti. Kutoka kwa ofisi yao sijapata neno hadi leo.

Kwa hiyo nisemeje? Huduma yao ya mezani ni aibu, na sitaifuta kauli hiyo. Lakini ninalo busati jingine la mama lililojaa vumbi, nalo litaoshwa na mzee yule yule. Nitalifikisha uani kwa mkono wangu, nitasubiri hadi likauke, na nitalikunja mwenyewe.