Miezi miwili na mfumo wa kupima unene wa lami kwenye peva

Tangu masika yalipokatika, kikosi chetu kimekuwa kikitandaza lami kwenye barabara ya mitaa upande wa Segerea, kwa peva, yaani mashine ya kutandazia lami, iliyofungwa mfumo unaopima unene wa tabaka wenyewe wakati mashine ikitembea. Mfumo huo tuliukodi pamoja na fundi wa kuufunga kutoka kwa msambazaji wa hapa hapa Dar es Salaam, ambaye sitamtaja kwa kuwa nina malalamiko naye na bado tunazungumza. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wakandarasi wenzangu wa ngazi ya kati wamekuwa wakiniuliza swali lile lile kila tunapokutana: je, kifaa hiki kinarudisha fedha yake, au ni pambo la kumwonyesha mhandisi mshauri siku ya ukaguzi?

Kwanza nieleze tulikotoka. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, unene wa lami tumeupima kwa chuma chenye alama. Kijana mmoja hufuata nyuma ya skridi, lile bamba zito linaloburuzwa na peva na kuilaza lami, akachoma chuma kwenye lami ya moto na kusoma alama. Njia hii si mbaya, ila inategemea mkono wa mtu. Chuma kikigota kwenye kokoto husoma pungufu, kikizama kwenye tabaka la chini husoma zaidi, na kijana aliyekwisha kugombezwa mara mbili kwa kuleta namba isiyopendeza hujifunza upesi namba ipi inapendeza. Kipimo cha kuaminika zaidi, yaani kukata kore, kile kipande cha mviringo kinachotobolewa kwenye lami, na kuipeleka maabara, huja lami ikiwa imekwisha kupoa, wakati kosa haliwezi tena kurekebishwa bila kubomoa.

Hesabu ndiyo iliyonisukuma kukodi. Kwenye barabara ya upana wa mita 7, milimita 5 za ziada kwa kilomita moja ni mita za ujazo 35 za lami iliyoshindiliwa, na kwa uzito wa takriban tani 2.35 kwa kila mita ya ujazo, hizo ni tani 82. Ni tipa nne za tani 20 zilizojazwa, zikafukiwa barabarani bila mtu kuzilipia. Milimita 5 hizo jicho halizioni, na hata chuma chenye alama hakizioni vizuri. Upungufu wa kiasi hicho hicho nao hauonekani siku hiyo. Huonekana baadaye kwenye kore, na hapo mazungumzo hubadilika sura kabisa.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuelewa kuliko unavyoonekana kwenye kabrasha la mauzo. Boriti nyepesi ya alumini hufungwa kwenye skridi kila upande, ikatokeza mbele na nyuma. Kila boriti hubeba vihisio, yaani sensa: cha mbele huelekea tabaka la chini ambalo bado halijafunikwa, na cha nyuma huelekea lami iliyotoka kulazwa. Vyote hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na masikio ya binadamu, kisha hupima muda ambao mwangwi unachukua kurudi. Kwa kuwa mahali ulipo ukingo wa nyuma wa skridi panajulikana, kompyuta ndogo hukokotoa mlalo wa boriti juu ya lami mpya, ikaurefusha mlalo huo hadi mbele na kuulinganisha na kina cha tabaka la chini. Tofauti ndiyo unene, nao huonekana kwenye skrini ya opereta kama namba moja kwa upande wa kushoto na nyingine kwa upande wa kulia.

Jambo ambalo msambazaji alilipitia haraka mno, na ambalo ndilo moyo wa kifaa hiki, ni joto la hewa. Sauti husafiri kwa takriban mita 346 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 25, na takriban mita 352 ikiwa na nyuzi 35. Ukiweka sifuri ya mfumo (hatua nitakayoieleza hapa chini) saa moja asubuhi kabla jua halijachoma, kisha ukaendelea hadi saa saba mchana bila kurekebisha chochote, kihisio kilichopo sentimita 40 juu ya ardhi kitakudanganya kwa karibu milimita 7. Hapo sijagusa mvuke unaopanda kutoka kwenye lami yenye nyuzi zaidi ya 140, wala upepo wa baharini unaoanza kuvuma kuelekea mchana. Watengenezaji wamelitatua hili kwa kuning'iniza kijiti cha chuma chini ya kila kihisio, kwa umbali usiobadilika, ili kifaa kijipime chenyewe kwa kijiti hicho kila kinapotoa sauti na kusahihisha namba zake. Utatuzi huo unafanya kazi, ilimradi kijiti kiwe kisafi na kisipinde. Chetu kilipinda siku ya tatu, kijana alipokikanyaga akishuka kwenye jukwaa la skridi, na kwa nusu saa nzima upande wa kulia ulisoma namba ambazo hazikuwezekana hata kwa tabaka la kifusi.

Kuweka sifuri nako kunataka utulivu ambao eneo la kazi la Dar es Salaam halina. Skridi hutakiwa kulala juu ya sehemu tambarare, boriti zikiwa zimekazwa, halafu opereta huuambia mfumo kwamba hapo unene ni sifuri. Kazi hiyo haizidi robo saa. Lakini tipa zikiwa zimepanga foleni na lami inapoa, na trafiki mbele anataka njia ifunguliwe, robo saa huonekana kama siku nzima. Mara mbili tuliiruka, tukategemea sifuri ya jana. Mara zote mbili tulirudi kwenye chuma chenye alama kabla ya adhuhuri.

Kisa kilichonifundisha zaidi kilitokea wiki ya pili. Tulikuwa tukitandaza tabaka la juu, skrini ikisoma kati ya milimita 59 na 61, jambo lililotufurahisha sote. Ghafla upande wa kushoto ukashuka hadi 48. Opereta, mzee aliyeendesha peva tangu mimi nikiwa shuleni, hakugusa kitu. Lakini kijana aliyesimama kwenye skrubu ya kurekebishia unene upande ule aliizungusha mara moja, na namba isipopanda akaizungusha tena. Mzee akampigia kelele: "Acha hiyo skrubu, mwanangu! Angalia chini kwanza!" Chini kulikuwa na lami iliyomwagika kutoka kwenye tipa iliyoondoka vibaya kwenye hopa, lile sanduku la mbele la peva linalopokea lami, imetengeneza tuta dogo mbele ya boriti. Kihisio cha mbele kililiona tuta kikadhani ni tabaka la chini lililoinuka, na kwa hesabu yake unene ukawa umepungua. Peva ilipolipita tuta, namba ikarudi 60 yenyewe; kisha, taratibu, ikapanda hadi 66, kwa sababu ile mizunguko miwili ya skrubu ilikuwa imeanza kufanya kazi yake.

Hapo ndipo penye udhaifu wa kifaa hiki mikononi mwa watu wasiofundishwa, na si kosa la kifaa. Skridi huelea. Ukibadilisha pembe yake leo hii, haijibu papo hapo. Huhitaji umbali wa takriban mara tano ya urefu wa mikono inayoiburuza ili mabadiliko yakamilike, na kwa peva ya mikono ya mita 3 hiyo ni kama mita 15. Namba iliyopo kwenye skrini hubadilika kila wakati, na macho ya kijana huifuata kama anavyofuata matokeo ya mpira. Anazungusha kabla mzunguko wa kwanza haujajibu, na barabara inatoka na mawimbi ambayo dereva wa bajaji atayahisi kiunoni. Kabla ya kuwa na skrini, kijana alipima kila baada ya hatua kadhaa, hivyo skridi ilipata nafasi ya kutulia bila yeye kukusudia. Tangu siku ile tumeweka utaratibu kwamba skrini ya pembeni inafunikwa kwa kipande cha boksi, na opereta peke yake ndiye anayeamuru skrubu iguswe, tena baada ya kutazama wastani wa mita 20 zilizopita ambao mfumo huutoa.

Suala jingine linalowachanganya wengi, wakiwemo baadhi ya wakaguzi, ni kwamba mfumo hupima lami kabla ya rola. Unene unaotakiwa kwenye mkataba wetu ni milimita 50 baada ya kushindiliwa. Ukiitazama skrini ikisema 50, ukaridhika, umekwisha kupungukiwa. Sisi tulianza na kipande cha majaribio, tukatandaza kwa 60, rola zikapita mizunguko yote iliyopangwa, kisha tukakata kore. Zilitupa kati ya 49 na 51, nasi tukaendelea na 60 kwa mchanganyiko ule. Tulipobadilisha mchanganyiko kwa tabaka la lami la chini, lenye kokoto kubwa zaidi, uwiano huo haukufaa tena na ilibidi turudie jaribio. Kabrasha la msambazaji limeandika kwamba mfumo "unaonyesha unene halisi", na kwa maoni yangu maneno hayo yangepaswa kufutwa au kuongezewa sentensi moja.

Pale ambapo tabaka la chini limesawazishwa vizuri na greda, kifaa hiki kinapendeza kweli kweli. Tulikichunguza kwa chuma chenye alama kwenye sehemu hizo, na kwa muda mwingi vilitofautiana kwa milimita 2 au 3, ambazo siwezi kuapa kwamba ni za kifaa na si za chuma. Kwenye kipande cha karibu na karavati, ambapo lami ya zamani iliachwa na sisi tulikuwa tunajaza mabonde, hali ilikuwa tofauti. Hapo unene hubadilika kila hatua kwa sababu ndivyo unavyotakiwa kubadilika, na namba ya skrini haikutusaidia kwa lolote zaidi ya kutuonyesha kwamba tumepita juu ya shimo. Anayepata kazi nyingi za kuweka lami juu ya lami iliyochakaa alifikirie jambo hili kabla ya kusaini.

Kumbukumbu za mfumo ni eneo ambalo sikulitarajia kunifurahisha. Kila jioni tulichukua flashi yenye unene wa kila mita na mahali ulipopimwa, tukazilinganisha na karatasi za mzani kutoka mtambo wa lami. Siku moja tani zilizotumika zilizidi kwa namna ambayo unene haukuweza kuieleza; tulipofuatilia tukakuta upana ndio uliokuwa umeongezeka, kwa kuwa kijana wa upande mmoja alikuwa amefungua skridi sentimita 10 zaidi akikwepa ukingo wa mtaro. Bila kumbukumbu zile tungeubebesha lawama mzani. Mhandisi mshauri wetu alizipokea nakala kwa heshima, akazisoma, kisha akaendelea kukata kore zake kama kawaida, na sikuona sababu ya kumlaumu.

Sasa malalamiko. Fundi wa msambazaji alikuja siku ya kwanza, akafunga, akaonyesha, akaondoka kabla ya tipa ya pili kumwaga. Mwongozo aliotuachia ulikuwa wa Kijerumani na Kiingereza, na opereta wangu, ambaye ndiye mtumiaji, anasoma Kiswahili. Nililazimika kukaa naye jioni mbili nikiandika kwa mkono hatua za kuweka sifuri kwenye karatasi tuliyoibandika ndani ya kabati la vifaa. Waya wa kihisio cha nyuma kushoto ulipoungua, baada ya kuachwa ukigusa bamba la skridi lililokuwa likipashwa moto, tuliambiwa mwingine utatoka nje ya nchi. Tulisubiri siku 16. Kwa siku hizo tulilipia kodi kamili ya mfumo uliokuwa ukipima upande mmoja, na hili ndilo tunalobishania hadi leo. Fundi wa umeme wa magari pale Tabata aliuunganisha waya ule kwa muda wa saa mbili. Ukafanya kazi vizuri hadi mpya ulipowasili, na bado umo kwenye kabati kama akiba.

Kwa mkandarasi mwenye kilomita kadhaa za tabaka jipya juu ya tabaka la chini lililosawazishwa, na mwenye opereta anayesikilizwa na vijana wake, ningeshauri akodi, hasa akiwa analipa lami kwa tani na kulipwa kwa mita ya mraba. Kwa yule mwenye kazi ya mita 400 za mtaa wenye vifuniko vya mifereji kila hatua, chuma chenye alama na kijana asiyeogopa kusema ukweli vinamtosha.

Sisi tutaukodi tena kwa kipande cha pili, kitakachoanza kabla ya vuli. Safari hii nimeandika kwenye rasimu ya mkataba kwamba kihisio kimoja na waya mbili za akiba zikae Dar es Salaam muda wote wa kazi, kwamba kodi isimame mfumo usipopima pande zote mbili, na kwamba fundi akae nasi siku tatu kamili, ya kwanza ikiwa ni ya opereta peke yake. Msambazaji amekubali sharti la kwanza na la tatu. La pili amesema atalipeleka kwa wakuu wake, na karatasi bado iko mezani kwake.