Tela la futi 26, yadi iliyoniuzia, na mzee aliyeliokoa

Tangu nianze kwenda kazini huku Marekani na nyumba nyuma ya gari, yaani tela la kuishi, haipiti wiki bila Mtanzania au Mkenya mwenzangu kunipigia kuulizia kama na yeye anunue. Wengi ni manesi wa mkataba kama mimi: wiki 13 hospitali hii, wiki 13 ile, na kila unakotua nyumba yenye fanicha inameza posho yote. Wameona picha niliyopiga Oklahoma, nimekaa nje chini ya turubai na kikombe cha chai ya tangawizi, wanadhani mambo ndiyo hayo. Basi naandika mara moja, ili nikiulizwa tena nitume hii.

Kiwanda sikitaji, wala yadi. Barua za madai baina yetu zimekwisha na sitamani nyingine. Tena hata ningetaja, usingepona kwa kwenda kwa jirani yake. Utaona kwa nini.

Tulinunua Machi 2022, yadi moja pembezoni mwa Dallas. Tela jipya, kitanda kikubwa mbele, vitanda vya ghorofa nyuma kwa ajili ya mwanangu Salma na mdogo wake, jiko la gesi la pleti tatu, na kile kichumba kinachotoka ubavuni kwa mota kama droo ya kabati. Dola 33,900. Juu yake gharama ya kulisafirisha kutoka kiwandani, na juu yake tena dola 1,395 za "kuliandaa". Nikauliza kuandaa ni nini. Nikajibiwa: tunalikagua kila mahali kabla hujalichukua, mama, usiwe na wasiwasi.

Siku ya kukabidhiwa, kijana wa yadi alituzungusha dakika 40. Hapa taa, hapa pampu, hapa bomba la maji machafu, vaa glovu. Akachomeka umeme, kiyoyozi kikaunguruma, watoto wakakwea vitanda vyao wakagoma kushuka. Paani hakupanda mtu. Mimi sikuomba, yeye hakusema, na ngazi ilikuwa imeegemezwa ubavuni mwa tela hatua tatu kutoka tuliposimama.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa vitu vidogo vidogo. Bomba la jikoni lilitoa maji kama mtu anayekohoa; nikafungua kichujio nikakuta vinyuzi vya plastiki, mabaki ya mabomba yaliyokatwa na hayakusafishwa. Mlango wa choo haukufunga kwa sababu kitasa kilikuwa chini ya tundu lake kwa upana wa kidole. Nilipowasha hita kwa mara ya kwanza, tela zima likanuka kama karakana ya seremala pale Ngamiani, Tanga. Nikang'oa kifuniko sakafuni, nikaingiza mkono kwenye njia ya hewa moto: konzi mbili za pumba za mbao, skrubu 11 na kopo tupu la soda. Skrubu nimezihifadhi kwenye chupa ya jamu. Kopo nilipiga picha, nikamtumia baba Salma, naye akajibu, "Soda ni ya kwao, wamekupa bure."

Tulicheka, kwa sababu tela lilikuwa halijavuja bado.

Ukitaka kuelewa pumba zile zilifikaje pale, lazima uijue Elkhart, Indiana. Zaidi ya matela na nyumba za magurudumu nane katika kila kumi zinazouzwa Marekani hutoka katika wilaya hiyo na majirani zake. Majina ni mengi, lakini ukifuatilia wenye mali unaishia kwa makampuni makubwa machache. Hata ekseli, friji, hita na pampu ni za watengenezaji wale wale, tela la jina lolote hufungiwa hizo hizo. Ndiyo maana nasema jina halikukingi. Kazi huanza alfajiri, na wafanyakazi wengi hulipwa kwa matela yaliyotoka, si kwa saa walizosimama. Wengi ni Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, watu wa mbao kwa vizazi, na mikono yao siidharau. Lakini fundi hata awe hodari vipi, mlipe kwa idadi halafu mwambie leo yametakiwa mengi kuliko jana, na skrubu ya mwisho ataipiga huku macho yake yakiwa kwenye tela linalofuata. Mwaka 2021, watu wote walipotaka kukimbilia porini kwa sababu ya korona, yalitoka takriban 600,000, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa. Langu ni la Oktoba mwaka huo. Kibandiko kiko pale karibu na mlango, nimekisoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Novemba 2022 nilikuwa Wichita, Kansas. Mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi naamka kujiandaa kwa zamu, naegemea ukuta upande wa kichwani nivae soksi, na ukuta unaingia ndani. Haukupasuka, ulibonyea tu, laini, kama andazi la jana lililolowekwa kwenye chai. Nilipoondoa mkono, alama ya vidole vyangu vinne ilibaki pale. Nikafunua godoro: ubao wa chini umefanya weusi na kunuka kama gunia la mkaa lililonyeshewa. Tela lilikuwa na miezi minane. Waranti ni mwaka mmoja. Nikajiambia, alhamdulillahi, tuko ndani ya muda.

Mkataba ulipoisha nikalivuta mwenyewe hadi Dallas, zaidi ya kilomita 550. Yadi wakalipokea vizuri sana. Kisha likakaa. Wiki ya kwanza hadi ya tatu: liko kwenye foleni. Wiki ya nne: tumepiga picha, tumetuma kiwandani. Ya sita: kiwanda kimeomba picha nyingine. Utaratibu wenyewe ndio huo. Yadi haiwezi kugusa msumari kabla kiwanda hakijakubali kulipa, na kiwanda hulipa saa chache kuliko zile fundi anazotumia, kwa hiyo kazi ya waranti inasukumwa nyuma ya kazi ya mteja anayelipa taslimu. Hilo hawakunieleza, nilielezwa na dada wa mapokezi siku yake ya mwisho kazini, kwa sauti ya chini. Pampu niliyoilalamikia pia wakasema ni ya mtengenezaji mwingine, nipige namba hii. Friji, namba ile.

Wiki ya tisa nikaitwa ofisini. Meneja wa huduma akafungua kitabu cha mwongozo, akanionyesha mistari miwili kwa ncha ya kalamu. Wa kwanza: mwenye tela akague gundi ya paa kila baada ya siku 90. Wa pili: waranti ni kwa matumizi ya starehe, si kwa anayeishi ndani muda wote. "Umekagua paa, mama?" Nikamuuliza, ninyi mlilikagua? Nililipa dola 1,395. Akasema fomu ya ukaguzi imesainiwa. Ni kweli ilisainiwa. Nimeiona, alama za vema zimeshuka ukurasa mzima kwa mkono mmoja bila kuinua kalamu.

Nikaondoka na tela langu likiwa na turubai la bluu kichwani kama mgonjwa aliyefungwa bendeji.

Sasa nije kwa mtu ninayetaka kumsifu. Januari mkataba wangu ulikuwa karibu na Tulsa, Oklahoma. Jirani wa uwanja wa matela, bibi mmoja mjane, akaniambia kuna mzee anayezunguka na gari lake la vifaa, mpigie. Alifika kesho yake saa mbili asubuhi. Ana miaka kama sabini hivi, suruali yenye mifuko kumi, haongei mpaka amemaliza kutazama. Hakuingia ndani. Alitoa ngazi yake, akapanda paani, na nikamsikia anatembea kwa magoti polepole kutoka nyuma hadi mbele. Kisha akaniita nipande na mimi.

Paa la tela hili ni mpira mweupe uliotandazwa juu ya plaiwudi. Pale linapokutana na bati la mbele kuna utepe wa alumini unaobana vyote viwili kwa skrubu, chini yake ukanda wa gundi laini kama bigijii iliyotafunwa, na juu yake gundi nyeupe inayojisambaza yenyewe ikimiminwa. Akauchomoa utepe ule kwa bisibisi, taratibu, akanionyesha skrubu mbili zinazofuatana. Za jirani zake zilikuwa na vumbi la mbao kwenye meno. Hizi mbili zilikuwa safi, zinang'aa kama zimetoka dukani. "Hizi hazijawahi kuona mbao," akasema. Zilipita pembeni ya ubao, zikashika hewa tangu siku ya kwanza. Tela linatikisika barabarani, utepe unainuka kidogo, unene wa sarafu tu, gundi ya juu inapasuka ufa ambao mimi hata ningekagua kila siku 90 nisingeuona, maji yanateremka ndani ya ukuta bila kugusa dari. Skrubu mbili.

Alileta kipima unyevu, akapita nacho ukutani akichora kwa chaki mpaka wa sehemu iliyolowa. Ramani yake ilifika hadi chini ya dirisha. Akang'oa ukuta wa ndani, akatoa ile sufi ya kuzuia baridi ikiwa imeshiba maji kama taulo, akaacha feni mbili na mashine ya kukausha hewa zifanye kazi siku tatu. Nililala kwenye kochi. Kisha akabadilisha mbao nne zilizooza, na paani akaupiga utepe upya, kila skrubu akiijaribu kwa kidole kabla ya kuimiminia gundi. Nikamuuliza kwa nini asiweke silikoni, mbona imejaa madukani. Akanitazama kama nimetukana. Silikoni ikishakaa hapo, akasema, ikichoka hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake mpaka uikwangue yote. Akaniachia tyubu mbili za Dicor, gundi ya paa za matela: ile inayojisambaza ni ya mahali palipolala, ile nzito ni ya ubavuni, usichanganye. Na kabla ya kuondoka akafungua gurudumu moja bila kuombwa, akanionyesha beringi iliyopakwa grisi ya kuonja. Hiyo alinitoza. Lakini alinionyesha kwanza.

Jumla dola 4,260, na risiti yenye picha 31 na maelezo ya kila picha. Risiti hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Niliiambatanisha na barua kwenda kiwandani, nikitaja ile sheria ya waranti ya serikali kuu ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, ambayo binti wa mwenzangu anayesomea uanasheria alinifungulia macho. Baada ya miezi miwili na nusu wakaleta dola 1,800 "kwa nia njema", bila kukiri kosa. Nikazichukua. Wapo watakaosema ningepigana hadi mwisho. Mimi nilikuwa na zamu za usiku.

Kiangazi kile tulipita Elkhart na watoto, tukaingia kwenye makumbusho yao ya matela. Pana moja la mwaka 1913, la mbao, dogo kama banda la kuku, limesimama. Baba Salma alilizunguka mara mbili, akainama, akatazama chini, kisha akaniambia kwa sauti ya msikitini: "Mama Salma, hili halivuji."

Nisiwe mchoyo. Fremu ya chuma iko sawa, kichumba cha kusukuma nje hakijagoma hata siku moja, na hita inapasha vizuri kweli tangu niitoe kopo. Kiyoyozi kinapumua kwa shida Texas ikifika nyuzi 40, lakini hata mimi. Kengele ya moshi hulia nikikaanga chapati, kila mara, hata nifungue madirisha yote. Majirani wameshazoea, wanajua ni Jumamosi. Na hesabu ya fedha, hata na ubovu wote huo, imeniangukia vizuri kuliko kupanga.

Kwa hiyo ukiniuliza: tela nyota mbili na nusu. Yadi nyota moja, na hiyo ni ya dada wa mapokezi. Mzee wa Tulsa tano. Na kabla hujasaini, tafuta mkaguzi wako mwenyewe asiyekula kwenye yadi ile. Wapo, utamlipa mia kadhaa za dola, na sharti la kwanza umwambie apande juu. Yadi ikikataa mkaguzi wa nje, umeshapata jibu lako bila gharama. Soma pia waranti inasemaje kuhusu anayelala humo wiki 13, kabla hujamweleza mtu wa yadi kuwa wewe ni nesi. Na tafuta fundi wa kuzunguka wa eneo lako mapema, namba yake iwe kwenye simu kabla funguo hazijawa mkononi.

Wiki iliyopita yadi wamenitumia ujumbe: ukaguzi wa paa dola 149, ofa hadi mwisho wa mwezi. Nilitoka nje nimwonyeshe baba Salma. Alikuwa juu ya ngazi, na tyubu mkononi.