Unataka kuwajua vipepeo na wadudu wa bustani yako? Nunua vifaa kwa mpangilio huu

Watu wengi wakianza kupenda vipepeo na wadudu wa bustani wanakimbilia kununua kitabu kikubwa chenye picha nzuri, alafu baada ya wiki mbili kiko kabatini kwa sababu kila mdudu wanayemuona anafanana na watano wa kwenye kitabu. Jina la mdudu mara nyingi linaamuliwa na kitu kidogo sana. Chukua Danaus chrysippus, yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa: katikati ya bawa la nyuma ana madoa meusi matatu au manne. Jike wa kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, amemuiga mpaka utaapa ni yeye, ila ana doa moja tu. Mi niliwahesabu wote kama mmoja muda mrefu, mpaka siku nilipotulia nikahesabu madoa. Ndo maana hapa kila kifaa nakipima kwa swali moja tu, kitanionyesha yale madoa au la?

Namba 1, lenzi ya mkono ya 10x (yani inakuza mara 10), ile ndogo inayojikunja ndani ya kifuniko chake. Usivutwe na namba kubwa. Hesabu yake ni rahisi, 250 gawanya kwa namba ya ukuzaji unapata umbali wa fokasi kwa milimita (umbali wa mdudu na lenzi ili aonekane vizuri), yani 10x ni kama 25 mm, 20x ni 12 na kitu, 30x ni 8 tu, hapo mdudu anakaribia kugusa kioo, kichwa chako kinazuia mwanga, na sehemu inayoonekana safi ni nyembamba mno hata mguu mzima huuoni. Na ukikuta lenzi imeandikwa 30x alafu kioo chake kina upana wa sentimita mbili, iache hapohapo, lenzi ya mkono ya nguvu hiyo lazima iwe na kioo kidogo kuliko hivo. Tafuta yenye vioo vitatu vilivyounganishwa kuwa kimoja, hiyo haikuwekei rangirangi pembeni ya kila kitu. Kabla hujalipa iweke juu ya rula: mistari ya pembeni ikipinda au ikiwa na kivuli cha zambarau, rudisha. Na ukiitumia, lenzi inakaa karibu kabisa na jicho, anayesogezwa ni mdudu.

Pamoja nayo tafuta kopo linaloonyesha ndani lenye mfuniko, la jikoni linatosha. Mdudu akae humo dakika chache, kivulini, umtazame alafu umwachie. Hapo ndo raha inapoanza jamani! Unagundua yule "nyuki" wa kwenye maua ana mabawa mawili tu na vipapasio vifupi, kumbe ni nzi, maana nyuki ana mabawa manne. Unaona vipapasio vya kipepeo vimevimba nchani kama kirungu, vya nondo wengi ni kama uzi au unyoya. Na kama umemuona kipepeo anasimama kwa miguu minne usishangae, kuna familia kubwa ambayo miguu ya mbele imebaki midogo sana na imekunjwa kifuani.

Namba 2, darubini ya macho mawili inayofokasi karibu. Hii ni kwa ajili ya vipepeo na kereng'ende ambao ukiwasogelea wanaruka. Muuzaji atakutajia 8x42 (inakuza mara 8, kioo cha mbele kina upana wa mm 42) na atakusifia inavyovuta mbali, we muulize inaona karibu kiasi gani, na usipopata jibu simama wima utazame kiatu chako. Kiatu kikiwa na ukungu, hiyo ni darubini ya ndege, sio ya bustani. Pentax Papilio imetengenezwa kwa kazi hii hasa, inafokasi mpaka sentimita 50, na ya 6.5x inatulia mkononi kuliko ya 8.5x. Ningeiweka namba 1 isingekuwa bei, darubini nzuri ni ghali kuliko vitu vingine vyote hapa.

Namba 3 ndo kitabu sasa. Kiwe cha eneo unaloishi, cha dunia nzima achana nacho, aina za vipepeo peke yake ni zaidi ya 17,000 haziwezi kuingia humo. Fungua kurasa tatu hovyo, uangalie kama kuna picha ya chini ya bawa (kipepeo akitua anafunga mabawa, utamuona chini zaidi ya juu), kama dume na jike wameonyeshwa mbalimbali, na kama kuna kiwavi. Bila hivo ni kitabu cha mapambo.

Programu za simu za kutambua wadudu kwa picha sijazipa namba kwa sababu iNaturalist na Seek ni za bure, kwa hiyo jaribu hizo kabla hujalipia nyingine yoyote. Piga picha ya juu, ya chini na ya kichwa, na ikikupa familia tu bila aina, ikubali hivohivo, usilazimishe jina.

Namba 4, lenzi ya kubana kwenye simu. Sio mbaya, ila ukiwa na ile ya 10x ukaishika mbele ya kamera ya simu unapata picha za karibu vilevile, kwa hiyo unalipa mara mbili.

Wavu nauweka mwisho. Mabawa ya kipepeo yamefunikwa na magamba madogo kama vumbi, akipapatika wavuni yanatoka, na madoa uliyotaka kuyahesabu yanaenda nayo. Ukiamua kuununua, kitambaa kiwe laini na mfuko uwe mrefu wa kutosha kukunjwa juu ya ukingo ili mdudu abaki ndani bila kubanwa, alafu mhamishie kwenye kopo bila kumshika na vidole.