Niliomba lehemu, nikarudishiwa pistoni zilizopigwa msasa

Mtu akikwambia usiguse, usiguse. Nilimwambia fundi kwa upole, nikarudia mbele ya kijana wake ili awepo shahidi: kilichoachia ni kile kishikizo kidogo kinachoshika bomba la kupulizia, tia lehemu hapo, basi. Pistoni usizifungue. Akaitikia, "Sawa mama, hamna shida." Niliporudi kuichukua koneti yangu, ile tarumbeta fupi, pistoni zote tatu zilikuwa zimepigwa msasa, zinameta kama sufuria mpya. Na yeye anatabasamu, anangoja nimshukuru.

Jina la karakana silitaji. Iko Ngamiani, hapa Tanga, kazi yake kubwa ni redieta na matangi, na nilielekezwa huko na vijana wa matarumbeta ya harusi. Wao wana vyombo vipya vya Kichina, huenda wanahudumiwa vizuri, sina ugomvi nao. Mimi nilipeleka koneti ya Besson ya London, iliyopakwa fedha, ambayo marehemu baba aliipata kwa Mwingereza mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Baba aliipuliza kanisani na mazikoni mpaka meno ya mbele yalipomtoka. Sasa naipuliza mimi, sauti ya kwanza, kwenye kundi letu la tarumbeta la kanisa.

Nieleze kosa lenyewe, maana wapo walioniambia nakuza mambo. Pistoni ya koneti, kile kichuma kinachoshuka ukibonyeza kifungo, si kama ya pikipiki. Haina ringi ya kuzuia upenyo. Kinachozuia hewa ni ukaribu wa chuma na chuma, pengo la sehemu chache za mia za milimita, na utando wa oili unaojaza pengo hilo. Kiwandani kila pistoni husuguliwa polepole kwenye silinda yake mpaka zikubaliane. Ndiyo maana zimegongwa namba 1, 2 na 3, na ya 2 haitakiwi kukaa nyumba ya 3. Ukipitisha msasa umeondoa chuma, na hakuna oili itakayokirudisha chuma hicho.

Baba alinifundisha namna ya kupima. Unavuta slaidi ya pistoni moja, yaani kile kibomba chake kinachovutika, bila kubonyeza kifungo chake, unasubiri kidogo, halafu unabonyeza. Kama hewa haijavuja njiani, utasikia "po!" Siku ninaipeleka, zote tatu zilikuwa zinalia. Ya pili ililia kwa unyonge kidogo, lakini ililia. Nilipofika nayo nyumbani Chumbageni nikakaa barazani, nikaijaribu. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikasikia hewa inavuja tu. Nikapuliza wimbo wa pole ambao naujua tangu utoto, noti za chini zikatoka na upepo, za juu zikataka pumzi mara mbili. Nikaiweka chini, nikashindwa hata kula.

Nikarudi kwake kesho yake, au keshokutwa, nikiwa bado na adabu zangu zote. Hakunisalimu. Mimi ni mama mtu mzima, vijana wa mji huu hunipa shikamoo njiani hata tusipojuana. Huyu alikuwa kainamia redieta ya Fuso, akanijibu bila kuinua uso: "Mama, zilikuwa zinagoma, nimekusaidia. Sasa si zinashuka zenyewe?"

Zinashuka zenyewe! Zisishuke kwa nini, wakati hakuna kinachozishika tena? Nikamweleza habari ya pengo na silinda. Akacheka. Akamgeukia kijana wake na mimi nimesimama pale pale nasikia: "Mpimie kwa kilo. Mwambie chuma chakavu wananunua hapo nyuma, aongeze hela akanunue jipya."

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Msasa ningeweza kuusamehe kama ujinga. Lakini mtu kukupimia kwa kilo kitu alichokipuliza baba yako juu ya kaburi la mama yako, mbele ya wateja, na wewe umemlipa?

Akaendelea kusema haya ni mambo ya wakoloni, hayana spea, hakuna anayejua yanavyofanya kazi. Si kweli. Pistoni za namna hii zilibuniwa na fundi Périnet wa Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, na mpaka leo tarumbeta mpya inayouzwa dukani ina pistoni za mpango ule ule. Hao vijana wa harusi anaowazibia vyombo wanabonyeza kitu kile kile. Anayejua ya leo anaijua ya babu yake, kama kweli anaijua.

Tena akanitolea kasoro kwamba sauti ya koneti "imepanda kwa uzee". Shaba haipandi sauti kwa uzee! Bendi za shaba za Uingereza zilishikilia noti ya la yenye mitetemo kama 452 kwa sekunde mpaka katikati ya miaka ya 1960, wakati kwingine walishakubaliana 440. Koneti nyingi za Kiingereza za zamani zimetengenezwa juu hivyo kwa makusudi, karibu nusu ya nusu-toni. Ndiyo sababu mimi hupuliza slaidi kubwa ikiwa imevutwa nje, na wenzangu kundini wanalijua hilo wala halijatusumbua.

Na kugoma kwenyewe kulikuwa kwa nini? Tanga ni mji wa bahari. Upepo unaingia na chumvi, na mate yanakaukia ndani ya mabomba. Ukiiacha koneti kwenye boksi lake msimu mzima wa masika bila kuipuliza, lazima pistoni ziwe nzito kushuka. Dawa yake ninayo jikoni: maji ya vuguvugu, si ya moto, sabuni ya vyombo, kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi. Unaitoa pistoni moja, unaiosha, unaifuta, unaitia matone machache ya oili yake, unairudisha nyumbani kwake kabla hujagusa nyingine. Slaidi napaka lanolini, ile mafuta ya manyoya ya kondoo, maana inavumilia unyevu. Hizi dawa za kung'arishia shaba nazikataa kabisa kwenye fedha, kwa sababu zinang'arisha kwa kukwangua, na fedha yenyewe ni ngozi nyembamba. Zilipogoma ningeziosha. Ningeziosha mwenyewe nikirudi nyumbani, na fundi nilimwambia hivyo hivyo.

Sasa niseme na hili kwa sababu ni kweli. Lehemu aliyoitia ni nzuri. Alikwangua ile ya zamani yote, akatumia moto mdogo, hakuunguza fedha, hakuacha donge. Kishikizo hakijatikisika tangu siku ile na Pasaka yote nimeipulizia. Bei haikuwa mbaya, na sijaona mwingine hapa mjini mwenye mkono kama huo. Kwa hiyo mwenye tarumbeta iliyoachia kiungo pengine ningemwambia ampelekee, ila kwanza azitoe pistoni zake, azifunge kwenye kitambaa, aziache kabatini. Ampelekee mabomba matupu.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini jana tulikuwa na maziko, nikapuliza beti la kwanza vizuri, la pili upepo, la tatu mwenzangu wa sauti ya pili akanipokea kwa kunionea huruma, mbele ya wafiwa. Basi neno langu nalifuta. Msimpelekee hata mabomba matupu. Mkono mzuri wa lehemu hauna faida kwa mtu asiyesikia anachoambiwa, na anayemcheka mteja akiwa bado kashika hela yake. Tafuteni fundi mwingine, au sonara mwenye subira mumwelekeze hatua kwa hatua huku mmesimama naye.

Kwa sasa natumia oili nzito, ile inayotengenezwa kwa ajili ya pistoni za zamani zilizolika. Niliagiza Dar ikaja na basi. Inasaidia dakika za mwanzo, kisha inakimbia na uvujaji unarudi. Dawa ya kudumu ni kuzipaka pistoni nikeli upya kwa umeme, kisha kuzisugua tena kila moja na silinda yake. Hiyo ni kazi ya mafundi wa Ulaya na Marekani, na gharama yake pamoja na kusafirisha siimudu mwaka huu. Nimeanza kuweka akiba.

Kuna jambo moja bado, na nalisema hapa kwa sababu fundi yule simu yangu hapokei. Alinitolea springi tatu za asili bila kuniuliza, akaniwekea nyingine ngumu zinazochosha vidole. Za asili ziko kwenye kopo la maziwa juu ya meza yake, mkono wa kushoto, niliziona kwa macho yangu. Nazitaka. Msomaji yeyote anayepita pale amwambie kwamba Mama Koneti wa Chumbageni anakuja Jumamosi na mjomba wake, na safari hii hatutazungumza habari ya kilo.